UZI: Dokumentari za waasisi wa taifa barazani Amu (Lamu): kutazama, kukagua na kuonyesha bila kutiwa changa la macho

#1 Mkunguni_Leo (mwanzilishi wa uzi)

Assalamu alaykum jamaa. Oktoba hadi Desemba ni msimu wa Mashujaa na Jamhuri, na dokumentari za kina Kenyatta, Odinga, Mboya na Nyerere huzungushwa simu kwa simu. Uzi huu ni wa wanaotaka kuzionyesha barazani au madrasani, watu ishirini au thalathini, kisha zijadiliwe. Kubishana nani msaliti na nani shujaa kuna nyuzi zake, nazo zishajaa.

Cha kwanza kukishika: dokumentari ni vitu vitatu vilivyoshonwa pamoja. Kuna picha, kuna sauti za nyuma (makofi, vigelegele, mizinga), na kuna maneno ya msimulizi. Vitatu hivi havikuzaliwa siku moja. Picha yaweza kuwa ya 1961, makofi yakatoka kwenye maktaba ya sauti ya studio, na maneno yakaandikwa mwaka jana. Sisi tunamiminiwa vyote kwenye kikombe kimoja.

Basi chukua daftari, piga mistari upate safu tatu: dakika, kinachoonekana, kinachosemwa. Jaza kwa dakika kumi tu. Msimulizi anasema "usiku ule Kenyatta alikamatwa", wewe umeandika "malori ya askari, mchana, mtaa wa mjini, Kenyatta hayumo". Hiyo ni picha ya kujazia. Si kosa, kila mtengenezaji hujazia, lakini si ushahidi wa tukio linalosemwa.

Anayeongoza baraza atazame peke yake mara mbili kabla. Mara ya kwanza mfululizo, na sauti. Mara ya pili azime sauti kabisa. Utashangaa jinsi filamu inavyosema machache inaponyamaza. Baada ya hapo achague vituo vinne au vitano vya kusimamisha. Dokumentari nyingi za televisheni ni za dakika 50 hadi 55. Vituo vitano vya dakika nne ni dakika ishirini, kwa hiyo kila kitu kimalizike ndani ya saa moja na robo. Ukizidisha hapo, wazee watainuka mmoja mmoja na vijana watarudi kwenye simu.

#2 Sanduku_la_Mapicha

Naongezea upande wa picha zenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea.

Habari nyingi za Afrika Mashariki za miaka ya 1950 na 1960 zilipigwa kwa filamu ya milimita 16. Mpiga picha wa shambani mara nyingi alibeba kamera ya kukaza springi kama saa ya ukutani. Ukishaikaza inakimbia kama nusu dakika, kisha inasimama. Roli ya futi 100 ina fremu 4,000, na kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde inakwisha kwa dakika mbili na sekunde arubaini na kitu. Na kamera hiyo haikunasa sauti. Kwa hiyo ukiona vipande vifupi vifupi vya umati, kila kimoja sekunde nne au tano, na chini yake makofi yanaendelea bila kukatika hata picha inaporuka, jua makofi yamebandikwa studio.

Sauti ya kweli ina dalili zake. Midomo inakwenda na maneno, mbele ya mzungumzaji kuna maikrofoni, na kipande kinakaa muda mrefu bila kukatwa. Mkutano na waandishi wa habari wa Kenyatta kule Maralal, Aprili 1961, ulikuwa na maikrofoni mbele yake. Ukipewa Kenyatta anahutubia kwa mbali, mgongo kwa kamera, na hotuba inasikika safi kama ya redioni, hotuba hiyo ina asili nyingine.

Mwendo nao. Filamu za kabla ya sauti zilipigwa kwa fremu 16 au 18 kwa sekunde. Zikichezwa kwa 24, watu wanatembea kwa kasi ya mara moja na theluthi hadi mara moja na nusu, ndiyo ule mwendo wa kuku. Kwenye YouTube gusa alama ya gia, weka kasi ya 0.75, watu watarudi kuwa watu.

Umbo pia. Filamu ya zamani ni ya 4 kwa 3, televisheni za leo ni 16 kwa 9. Mtengenezaji ana njia tatu. Akiacha mistari myeusi pembeni, amekuwa muungwana. Akiivuta, nyuso zinanenepa kwa theluthi moja. Akiikata juu na chini, umepoteza robo nzima ya picha, na robo hiyo mara nyingi ndiyo yenye bango, bendera au jina la jengo. Ukiona vichwa vimekatwa kwenye utosi, kaitafute habari ya asili. British Pathé walipandisha filamu kama 85,000 kwenye YouTube mwaka 2014, na za Afrika Mashariki zimo. Ukitafuta tumia jina la wakati ule: Tanganyika na si Tanzania, Nyasaland na si Malawi.

Kukagua fremu moja moja kwenye kompyuta: simamisha video, halafu bonyeza kitufe cha nukta kwenda mbele na cha mkato kurudi nyuma. Kwenye VLC ni herufi E. Bango linaloonekana kwa theluthi ya sekunde linasomeka vizuri ukilisimamisha.

#3 Mja_Ngomeni (Malindi)

Kwa tarehe, haya ndiyo makosa yanayorudi kila mwaka. Yabandikeni ukutani.

Kenya ina siku tatu na zinachanganywa kama pilau. Madaraka ni 1 Juni 1963, serikali ya ndani, Kenyatta waziri mkuu. Uhuru ni 12 Desemba 1963, Kenyatta bado waziri mkuu, Malkia wa Uingereza bado mkuu wa dola, gavana mkuu Malcolm MacDonald. Jamhuri ni 12 Desemba 1964, na hapo ndipo Kenyatta alipokuwa rais. Msimulizi akisema rais wa kwanza aliapishwa usiku ule bendera ilipopanda, amemeza mwaka mzima.

Bendera ya Uingereza iliteremshwa na ya Kenya kupandishwa usiku wa manane. Hati za uhuru zilikabidhiwa mchana wake. Kwa hiyo picha za jua kali zenye maneno "usiku wa uhuru" ni za siku hiyo hiyo, ila zimewekwa pasipo mahali pake. Kosa dogo, lakini linakuonyesha mhariri hakukagua.

Na huyu Prince Philip, jamani. Alikwenda Dar es Salaam kwa uhuru wa Tanganyika 9 Desemba 1961, akaja Zanzibar kwa uhuru wa 10 Desemba 1963, akamalizia Nairobi siku mbili baadaye. Mtu mmoja kwenye sherehe tatu. Ukimwona yeye peke yake kwenye fremu, bado hujajua uko nchi gani. Tafuta aliye kando yake: Nyerere, Sultani Jamshid au Kenyatta. Uganda 1962 hakwenda yeye, alikwenda Duke wa Kent.

Nyerere vilevile. Ile picha anamimina udongo wa nchi mbili kwenye chombo kimoja ni ya Muungano, Aprili 1964. Hupachikwa sana kwenye sura ya uhuru wa 1961. Na baada ya uhuru alikaa waziri mkuu wiki sita tu, akajiuzulu Januari 1962, Rashidi Kawawa akashika. Alirudi kama rais Desemba 1962. Dokumentari ikirukia kutoka 1961 hadi 1964 bila Kawawa, weka kituo hapo.

Mboya na ndege za kupeleka wanafunzi Marekani: ya kwanza iliondoka Septemba 1959 na wanafunzi 81. Baba yake Obama hakuwa kwenye ndege hiyo, alikwenda Hawaii mwaka huo huo kwa njia nyingine. Fedha za wakfu wa kina Kennedy, dola 100,000, zilikuwa za safari za 1960. Zipo filamu zinazopakia wote kwenye ndege moja kwa sababu hadithi inapendeza zaidi.

#4 Binti_Langoni

Mkunguni_Leo, hapo pa vituo vitano sikubaliani nawe. Ukisimamisha kila dakika kumi unamuua msimulizi, na filamu nzuri ina pumzi yake. Kwa wazee na akina mama, afadhali ichezwe yote, kisha irudishwe vipande vitatu vilivyochaguliwa. Vituo viwafae wanafunzi.

Jingine ambalo hakuna aliyeligusa: lugha. Nyingi ya hizi ni za Kiingereza. Mfasiri wa papo hapo anayeongea juu ya msimulizi huchosha, sauti mbili zinapigana. Kama lazima, shusha sauti ya filamu mpaka iwe kama moja ya tano, na mfasiri asubiri sentensi iishe. Kilicho bora ni manukuu ya maandishi chini ya picha. Mistari isizidi miwili, kila mstari herufi 40 au pungufu, na maandishi yakae angalau sekunde mbili. Kiswahili hurefuka kuliko Kiingereza, kwa hiyo usitafsiri kila neno, kata. Sehemu ya nusu saa itakuchukua usiku mbili tatu, usijidanganye kuwa ni kazi ya saa moja.

Na katika kutafsiri kuna maneno yanayobeba historia yote. "Kufungwa" na "kuwekwa kizuizini" si kitu kimoja. Wale sita wa Kapenguria (Kenyatta, Kaggia, Karumba, Kubai, Ngei na Oneko) walishtakiwa mbele ya hakimu Thacker, wakahukumiwa 8 Aprili 1953 miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa na hawakumwachia, wakamweka kizuizini. Maelfu ya wengine hawakuona mahakama kabisa. Kenyatta mwenyewe alipomaliza kifungo 1959 hakwenda nyumbani, aliwekewa mipaka Lodwar, kisha Maralal, mpaka Agosti 1961. Dokumentari inayosema "alifungwa miaka tisa" inazichanganya hali mbili za kisheria. Manukuu yako yasirudie kosa hilo.

Tena, kwa pwani usiandike "chifu" kila mahali. Huku palikuwa na liwali, mudiri na kadhi. Mtazamaji wa Amu akisoma "chifu wa Lamu" atacheka, na akishacheka hakusikilizi tena.

#5 Mkunguni_Leo

Binti, nimekubali kwa nusu. Wazee yote mfululizo, wanafunzi vituo. Ila hata kwa wazee waambiwe mwanzoni mambo mawili ya kutazamia, ili jicho liwe na kazi.

#6 Fundi_Waya

Nimeona watu wanaongelea picha na hakuna aliyesema itaangukia wapi.

Ukuta wa chokaa wa nyumba zetu unavutia lakini si bapa, na taa ikija kwa pembe kila tundu linatupa kivuli. Tumieni kitambaa cha marekani. Chukua cha upana wa mita moja na nusu, kata mita 2.4, kilaze kwa ubavu. Hapo unapata picha ya upana wa mita mbili (kimo chake mita 1.13) bila mshono kupita usoni mwa Kenyatta. Nyuma yake shona kitambaa cheusi, hata cha buibui kuukuu kinafaa, kwa sababu marekani peke yake hupitisha mwanga na picha inafifia. Juu na chini weka upindo wa sentimita nane upitishe boriti nyembamba. Boriti ya chini ndiyo watu huisahau, na bila hiyo kitambaa kinajaa upepo kama tanga. Wakati wa kusi usihangaike uwanjani, ingia ua wa ndani. Maleleji, upepo unapobadilika, ndiyo raha.

Projekta: zidisha upana wa picha kwa uwiano wa lenzi ulioandikwa kwenye kijitabu. Uwiano wa 1.5 na picha ya mita 2 ni umbali wa mita 3. Mwanga usiutazame kwenye kasha. Vile visanduku vidogo vya bei nafuu huandikwa lumeni (kipimo cha mwanga) maelfu na taa halisi haifiki mia tatu. Angalia kama kipimo kimetajwa ANSI, yaani kipimo sanifu. Kwa mita mbili gizani, lumeni 1,000 za kweli zatosha. Ukiwa na mia mbili, punguza upana uwe mita moja na watu wasogee karibu.

Filamu za zamani ni za kijivu. Usipandishe mwangaza na utofauti mpaka mwisho. Kanzu zote zitageuka doa jeupe, na kofia na sura hazitatambulika.

Umeme: betri ya volti 12 na Ah 100 kwa maandishi ni Wh (wati-saa) 1,200. Ya risasi usiinyonye zaidi ya nusu, zimebaki 600. Inveta inakula kama asilimia 15, zimebaki 510. Projekta ya wati 250 na spika za 60 ni 310. Gawanya: saa moja na dakika arubaini hivi. Filamu ya dakika 52 na mjadala unaiweza, filamu mbili huziwezi. Projekta ya taa ya balbu ikikatikiwa na umeme ghafla inaumia, kwa sababu feni inasimama balbu ikiwa moto. Unganisha betri tangu mwanzo, usingoje kiza. Ukimaliza usichomoe mpaka feni inyamaze yenyewe.

Spika ziweke karibu na watu na sauti iwe ya chini, mtaa mwembamba unarudisha mwangwi. Punguza besi, maneno yatasikika. Anza saa mbili unusu, Isha imeshasaliwa.

#7 Pwani_Mpya

Fundi, flashi yangu inasomeka kwenye kompyuta lakini projekta yasema hakuna faili. Na nyingine inacheza picha bila sauti.

#8 Fundi_Waya

Mawili tofauti. La kwanza, flashi imepangwa kwa mfumo wa NTFS na projekta nyingi zinataka FAT32. Ukiipanga upya inafuta kila kitu, toa vyako kwanza. Kumbuka FAT32 haikubali faili moja kufikia GB 4. Filamu ikiwa kubwa, ipunguze iwe 720p. Kwa marekani ya mita mbili na filamu za 1960 hutaona tofauti.

La pili, sauti imefungwa kwa mfumo wa AC3 au DTS ambao projekta haina kibali chake. Igeuze iwe AAC ndani ya MP4 kwa programu ya HandBrake, ni ya bure. Manukuu yahifadhi kama faili la .srt lenye jina lile lile la filamu, herufi kwa herufi, kwa UTF-8. Na faili la video likiwa na jina refu lenye alama za ajabu, lipe jina fupi.

Chumvi ya hewa ya hapa hula matundu ya kebo. Ukimaliza weka projekta kwenye mfuko uliofungwa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

#9 Mzee_wa_Barza

Vijana mumesema vizuri juu ya vyombo. Ngojeni niwaulize kitu kimoja: katika dokumentari hizo zote za waasisi, mwambao umetajwa dakika ngapi?

Wengi hufungua kwa ramani ya Koloni ya Kenya yote imepakwa rangi moja. Si sawa. Tangu 1920 jina rasmi lilikuwa Koloni na Himaya ya Kenya. Koloni ni bara. Himaya ni ukanda wa maili kumi wa pwani pamoja na visiwa vyetu vya Amu, ulioshikwa na Waingereza kwa mkataba wa 1895 na Sultani wa Zanzibar, naye akilipwa kodi kila mwaka. Ndiyo maana bendera nyekundu ya Sultani ilipepea pwani. Ramani ikiwa ya rangi moja, simamisheni hapo.

Kisha tazameni 1961 hadi 1963. Sir James Robertson aliletwa 1961 kuchunguza mambo ya ukanda huu, akapendekeza uunganishwe na Kenya. Wenye kudai mwambao wajitawale walipeleka sauti yao mpaka London. Oktoba 1963 Kenyatta kwa Kenya na Mohamed Shamte kwa Zanzibar wakaafikiana: ukanda unakuwa wa Kenya, na Waislamu wanadhaminiwa dini yao na mahakama zao za kadhi. Miezi mitatu baadaye serikali ya Shamte ikapinduliwa Unguja. Mahakama za kadhi zimo hata katika Katiba ya 2010, kifungu cha 170. Bila Oktoba 1963 mtazamaji hajui zimetoka wapi, atadhani ni fadhila za juzi.

Mkikuta dokumentari haina haya, usiitupe. Andika karatasi ya ukurasa mmoja, isomwe kabla ya filamu. Dakika tatu.

#10 Mja_Ngomeni (Malindi)

Maalim umenena. Nami nazidisha wa kwetu. Mkutano wa kwanza wa Lancaster House, Januari 1960, kiongozi wa ujumbe wa Waafrika alikuwa Ronald Ngala, katibu Tom Mboya, na mshauri wao wa sheria Thurgood Marshall kutoka Marekani. Kenyatta hakuwako, alikuwa Lodwar. Alihudhuria wa 1962 na wa 1963. Lakini filamu nyingi huonyesha mlango wa Lancaster House mara moja tu na Kenyatta akiingia, kana kwamba mkutano ulikuwa mmoja. Kabla ya kuamini mwaka, mtafuteni Kenyatta ndani ya picha. Akiwemo, si 1960.

Ngala huletwa mwishoni kama "mpinzani wa KADU" na majimbo, basi. Kama baraza lenu lina dakika za ziada, zitumieni kwake.

Na Mekatilili wa Menza. Mnyanyuko wa Wagiriama ni 1913 na 1914, akahamishwa mpaka Kisii, akatoroka akarudi. Kaya Fungo, makao yao matakatifu, ililipuliwa kwa baruti Agosti 1914. Huyu hana filamu ya wakati wake. Kila Mekatilili anayetembea kwenye skrini ni mwigizaji. Dokumentari nzuri huandika pembeni kwamba ni maigizo. Mbaya huigeuza iwe nyeusi na nyeupe, ikaongeza mikwaruzo ya bandia ili ifanane na ya zamani. Mikwaruzo ya bandia hutambulika: hujirudia ile ile kila sekunde chache, mahali pale pale.

#11 Binti_Langoni

Mikwaruzo kando, siku hizi kuna picha zilizobuniwa na mashine kabisa. Kagueni maandishi ya mabango (herufi huwa za kubuni), vidole, na bendera. Ya Kenya ina mistari miwili miembamba myeupe, ngao na mikuki miwili. Kwenye nyeusi na nyeupe, nyekundu na kijani hukaribiana kuwa kijivu kimoja, kwa hiyo mistari myeupe ndiyo itakayokuokoa. Sauti za mashine nazo hukwama kwenye majina: zikitamka Lokitaung au Ng'ang'a mara tatu kwa namna tatu, hakuna mtu nyuma ya maikrofoni.

Na filamu za zamani zilizotiwa rangi: rangi ni dhana ya programu. Msijadili rangi ya kanzu ya mtu kwa kuitegemea.

#12 Pwani_Mpya

Je, kuna la kuonyesha linalogusa Amu moja kwa moja? Wanafunzi huuliza "sisi tulikuwa wapi".

#13 Sanduku_la_Mapicha

Lipo, na liko ng'ambo ya mkondo tu. Kisiwa cha Manda kilikuwa na kambi ya kizuizini wakati wa hali ya hatari. Pio Gama Pinto, mwandishi wa habari na mwanasiasa mzaliwa wa Nairobi mwenye asili ya Goa, alikamatwa 1954 akawekwa Manda miaka kadhaa bila kushtakiwa, kisha akapelekwa Kabarnet mpaka 1959. Aliuawa kwa risasi Nairobi 24 Februari 1965, mauaji ya kwanza ya kisiasa ya Kenya huru. Dokumentari za waasisi zikimtaja, humtaja kwa kifo tu. Simamisheni hapo, waonyesheni wanafunzi Manda kwa kidole.

Ngome yetu wenyewe ilikuwa jela tangu mwanzoni mwa karne ya 20 mpaka 1984. Ukionyesha filamu ya kizuizini mbele ya ukuta ule, huhitaji maelezo mengi.

Na kwa anayetaka mfano wa kaskazini: Harry Thuku, mwanasiasa wa Nairobi, alikamatwa Machi 1922, watu wakapigwa risasi Nairobi, naye akapelekwa Kismayu. Wanafunzi watasema "Somalia". Wakati ule Kismayu ilikuwa bado chini ya Kenya, Jubaland haikukabidhiwa Italia mpaka 1925. Ramani ya leo ikiwekwa chini ya tukio hilo, inapotosha.

#14 Fundi_Waya

Uwanja wa ngome una wenyewe, ni wa Makumbusho ya Taifa. Ombeni mapema, kwa barua, mkitaja saa na idadi ya watu. Na kuonyesha filamu hadharani si sawa na kutazama sebuleni: mwenye haki aulizwe, na sheria ya filamu ya Kenya, Sura 222, inataka filamu ya hadhara iwe imeainishwa na bodi. Kituo cha televisheni ukikiandikia kwamba ni bure na ni kwa wanafunzi, eleza tarehe na mahali. Msikate nembo yao pembeni.

#15 Mzee_wa_Barza

Jambo la mwisho kwangu. Zile picha za maiti na makaburi ya Unguja 1964 zilizopigwa kutoka angani zilitoka kwenye filamu ya Waitaliano ya 1966, na tangu hapo zinakatwa na kubandikwa kila mahali, mara nyingine kwa nchi nyingine kabisa. Kuna watoto barazani, na kuna familia zilizovuka kutoka Unguja. Anayeongoza azijue zipo dakika gani, aziruke, na aseme kwamba ameziruka.

#16 Mkunguni_Leo

Nimeandika. Fundi, boriti ya chini uzito gani?

#17 Fundi_Waya

Kilo tatu hivi. Bomba la maji la inchi moja lijaze mchanga, ziba ncha mbili kwa kitambaa. Na kamba za pembeni zikazwe baada ya kuwasha, picha ikiwa juu. Ukikaza kabla, utakaza upande usio wake.

#18 Pwani_Mpya

HandBrake imekubali. Sauti imerudi.